Unene Sio Nguvu: Mbona Tunajenga Faiba Kama Chuma?

Wacha nianze na kuomba msamaha.

Miaka miwili hivi iliyopita niliweka hapa video ya boti mpya ya mjomba wangu ikishushwa majini kule Kilifi. Wengi mnaikumbuka. Nimesimama kando yake, naigonga ubavuni na ngumi, halafu naangalia kamera nasema, "Wasee, hii kitu ni nene kama ukuta. Hii haiendi mahali." Mliipenda sana. Wavuvi wawili hata waliniandikia wakiuliza fundi ni nani, nami nikawapa namba bila kufikiria mara mbili.

Mwaka huu, kusi ikianza tu, boti hiyo ilivunjika. Ilikuwa na miezi 22. Haikugonga mwamba, na bahari ilikuwa imechafuka kidogo tu, kawaida. Mjomba na vijana wake wawili walikuwa wanarudi alfajiri wakati ubao wa nyuma, ule unaobeba mashine, uling'oka. Mashine ya farasi 40, kilo sabini na kitu, ikazama na kipande cha boti. Maji yakaingia. Walishikilia madumu matupu ya mafuta mpaka boti nyingine ikawaona jua likiwa limeshapanda. Wote wako hai, Alhamdulillahi. Lakini mkopo wa chama nao uko hai. Mashine iko chini ya bahari na kila mwezi inalipiwa.

Sasa fundi amesema nini? "Leteni boti, nitaongeza tabaka tatu pale nyuma. Itakuwa nene zaidi." Na mjomba, kwa sababu hana pesa na watoto wanataka kula, anafikiria kukubali. Ndio maana naandika hii leo. Naona fundi amekosea, mjomba anakaribia kukosea, na mimi nilikosea kabla yao wote.

Kabla mtu hajaniuliza: mimi si injinia. Nilifanya mwaka mmoja na nusu wa diploma ya mitambo kabla karo haijakataa. Lakini nilichojifunza pale kinatosha kujua kwamba tunachofanya na faiba hapa Pwani, na kule ziwani, na kwa magereji ya matatu Nairobi, ni kuijenga kana kwamba ni chuma. Na faiba sio chuma.

Faiba ni nini hasa? Ni vitu viwili vilivyooana. Kuna nyuzi za kioo, nyembamba kuliko nywele, ambazo ukizivuta kwa urefu zina nguvu ya ajabu. Halafu kuna rezini, ile gundi inayomwagwa ikiwa maji na kuganda baada ya kutiwa hadena. Rezini peke yake ni kitu dhaifu, ukiidondosha inapasuka. Nyuzi peke yake ni kama kamba, huwezi kuzisimamisha. Zikiunganishwa, nyuzi zinabeba mzigo na rezini inazishika zisikimbie. Wataalamu wanaita hii nyenzo mseto, na usidhani ni kitu cha wazungu. Nyumba ya nyanya yangu ya fito na udongo ni nyenzo mseto. Udongo unapenda kukandamizwa, fito zinapenda kuvutwa, kila mmoja anafanya kazi yake. Saruji na nondo ni hivyo hivyo.

Sasa sikiza, kwa sababu kila kitu kinaanzia hapa. Chuma hakijali unakivuta kutoka upande gani. Kaskazini, kusini, nguvu ni ile ile. Faiba inajali sana. Chukua kipande cha nyuzi za kaboni zilizolazwa upande mmoja: ukikivuta kufuata nyuzi, ukakamavu wake ni zaidi ya mara kumi ya ule utakaopata ukikivuta kwa kukata nyuzi. Kwa nguvu ya kukatika, tofauti ni kubwa hata kuliko hiyo. Ukivuta upande ule wa pili, kinachokushikilia ni gundi tu. Kwa hivyo mtu anayesanifu kitu cha faiba hachagui umbo peke yake kama anayekata bati. Anatengeneza nyenzo yenyewe, tabaka kwa tabaka, akiamua kila tabaka litazame wapi. Swali lake la kwanza sio "iwe nene kiasi gani?" Swali lake la kwanza ni "mzigo unatoka wapi na unaenda wapi?"

Mafundi wa jahazi walijua hili kabla babu yangu hajazaliwa. Fundi wa jahazi akitaka taruma, ule ubavu wa ndani uliopinda, hachukui ubao ulionyooka akaukata kwa msumeno upate umbo. Akifanya hivyo anakata nyuzi za mti, na taruma litavunjikia palepale kwenye pindo. Anaenda kutafuta mti uliopinda wenyewe, ili nyuzi zifuate pindo toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna mtu aliyempa darasa la hesabu. Mti ulimfundisha. Nenda Lamu uangalie nyumba za zamani za mawe, vyumba ni virefu lakini vyembamba. Kwa nini? Kwa sababu dari inabebwa na boriti za mkoko, na boriti ina urefu wake. Aliyejenga hakuilazimisha nyenzo ifuate ramani yake, alichora ramani kufuata nyenzo.

Halafu tukaletewa faiba na tukasahau hayo yote.

Baada ya ajali nilichukua kipande kilichobaki pale nyuma, cha ukubwa wa kitabu hivi, nikakichoma kwa jiko la makaa nje ya nyumba. Usifanye ndani, moshi wake ni sumu. Rezini inaungua, kioo kinabaki, na ukikitoa polepole kikiwa kimepoa unaweza kuhesabu tabaka moja moja kama kurasa. Ni njia ya zamani ya kujua fundi aliweka nini. Nilikuta mambo matatu.

La kwanza: tabaka zote zilikuwa mkeka. Mkeka ni zile nyuzi fupi zilizomwagwa ovyo, hazina mwelekeo. Fundi anaupenda kwa sababu ni wa bei nafuu na unajikunja vizuri kwenye kona. Na una kazi yake, siukatai. Lakini mkeka unakunywa rezini sana. Kwa uzito, kazi ya mkono ya mkeka inakuwa na kioo kama asilimia 30 tu, inayobaki ni gundi. Kitambaa kilichofumwa, chenye nyuzi ndefu, kinafika karibu nusu. Boti nzuri huchanganya, mkeka kisha kitambaa kisha mkeka. Ile ya mjomba haikuwa na uzi hata mmoja mrefu kuliko kidole changu. Tulikuwa tumenunua unene wa gundi.

La pili: kwenye kona, pale ubao wa nyuma unapokutana na ubavu, tabaka ziliishia konani. Za ubavu zilifika zikakoma, za nyuma zilifika zikakoma, na katikati kukajazwa rezini. Fikiria mashine inafanya nini. Panga iko chini majini inasukuma mbele, kwa hivyo sehemu ya juu ya mashine inavuta ubao kurudi nyuma, kama mtu anayeng'oa msumari. Kila wimbi linaongeza. Huo mzigo unatakiwa utoke kwenye ubao, upinde kona, uingie kwenye ubavu na sakafu. Lakini konani hapakuwa na uzi wa kuupeleka. Ilikuwa gundi dhidi ya farasi 40.

La tatu: ndani ya ubao wa nyuma kulikuwa na plaiwudi, na hiyo ni sawa, boti nyingi ziko hivyo. Lakini matundu ya bolti yalitobolewa tu, mashine ikafungwa, basi. Hakuna aliyeziba. Maji ya chumvi yakaingia polepole kwa miezi 22. Plaiwudi niliyoikuta ilikuwa inatoka kwa kucha kama keki iliyolowa. Kwa nje boti ilikuwa bado inang'aa.

Hapo ndipo faiba inatisha kuliko chuma. Chuma kikizidiwa kinapinda, unaona, unaenda kwa fundi. Faiba haipindi hivyo. Tabaka zinaachana ndani kimya kimya, rangi ya juu iko sawa, hadi siku inaachia kwa mara moja. Kwa hivyo ukisanifu faiba lazima ufikirie madhara ambayo hutayaona, na uache nafasi ya kuyavumilia.

Sasa rudi kwa lile pendekezo la fundi, tabaka tatu za mkeka juu. Zitashika nini? Chini yake kuna plaiwudi iliyooza. Rezini mpya juu ya rezini iliyokauka zamani haiungani kama ile ya siku moja, inakamata juujuu tu usipoisugua sana na msasa mkali. Nyuzi bado hazitapita kona. Na uzito umeongezeka nyuma. Unene huo hautagusa hata moja kati ya sababu tatu za kuvunjika.

Unene wenyewe sio adui, tuelewane. Ukiongeza unene wa sahani mara mbili, ukinzani wake wa kupinda unaongezeka mara nane. Hiyo ni faida kubwa. Lakini umelipa nyenzo mara mbili na umebeba uzito mara mbili. Wajanja hufanya hivi: wanaweka ngozi mbili nyembamba za faiba, katikati wanatia kitu chepesi, povu gumu au mbao nyepesi ya balsa. Ngozi zikiwa mbali na mwenzake, unapata ukakamavu wa unene bila uzito wake. Au wanatumia umbo: mkunjo, ubavu, mfereji. Bati la mabati ni jembamba kabisa, mbona linabeba? Kwa sababu ya mikunjo. Hayo ndiyo mambo ya kusanifu. Kuongeza tabaka bila kujua kwa nini ni kukisia kwa pesa ya mwenye boti.

Mtu atasema, "Wewe nawe, hiyo ni boti ya mvuvi, sio ndege." Haya, tuongee ndege. Zile Dreamliner za KQ, zilizoanza kuja 2014, karibu nusu ya uzito wa muundo wake ni nyenzo mseto, nyingi zikiwa nyuzi za kaboni. Mwaka 2009 ndege hiyo ilikuwa tayari kuruka mara ya kwanza, dunia nzima inangoja. Boeing wakaahirisha. Kwa nini? Majaribio yalionyesha mahali bawa linapoungana na mwili panahitaji kuimarishwa. Iliruka Desemba mwaka huo. Mnaona ni wapi palisumbua? Maungio. Kampuni yenye pesa zote zile na mainjinia wote wale, na bado kona ndiyo iliwapa shida. Tofauti ni kwamba wao waliipata ardhini, kwa kupima, kabla abiria hawajapanda. Ndege za aina hiyo hupimwa kwa ngazi: unaanza na vipande vidogo kama rula, unavivunja kwa wingi, kisha kiungo kimoja, kisha sehemu nzima ya bawa, kisha ndege nzima. Mainjinia hata wana utani wao. Mtu akichukua mchoro wa aluminiamu, akaujenga kwa kaboni bila kubadilisha chochote, wanasema ametengeneza aluminiamu nyeusi. Sisi tumetengeneza mbao nyeupe.

Na pesa pia haikuokoi ukipuuza. Juni 2023, chombo cha Titan kilivunjika kikishuka kwenda kuangalia mabaki ya Titanic, mita kama 3,800 chini ya Atlantiki. Watu watano walikufa. Sehemu ya katikati ilikuwa silinda ya nyuzi za kaboni yenye unene wa kama sentimita 13. Nene kama ukuta, kama ningekuwa pale na kamera yangu ningesema. Lakini nyuzi ni kama kamba, zinapenda kuvutwa. Baharini chini kabisa hakuna kuvutwa, kuna kukandamizwa kutoka pande zote, na hapo uzi unategemea gundi inayouzunguka isiuache ujikunje. Wachunguzi wa Marekani walikuta mikunjo na vishimo vya hewa ndani ya tabaka. Chombo hakikuwa na cheti cha shirika lolote huru la ukaguzi. Kilikuwa kimeshuka na kurudi salama mara kadhaa, na kila mtu akachukulia kurudi salama kama ushahidi. Mjomba pia alirudi salama miezi 22.

Sisemi turudi kwa mbao. Mbao ngumu imekuwa ghali, na boti ya mbao inataka kalafati kila mara, nayo wadudu wa baharini wanaitoboa. Faiba iliyojengwa vizuri inaweza kumzidi aliyeinunua kwa umri. Hasira yangu sio kwa faiba.

Na kusema ukweli, hasira yangu kwa fundi imepungua pia. Nimekaa nikafikiria: nani alimfundisha? Alijifunza kwa kumtazama mwenzake, ambaye naye alimtazama mwingine. Na wateja wake huwa wanauliza nini? Tunagonga na ngumi tunauliza, "Ni nene?" Hakuna mteja hata mmoja amewahi kumuuliza nyuzi zinaelekea wapi. Kitambaa ni ghali kuliko mkeka, na hakionekani boti ikishapakwa rangi. Akikiweka, bei yake inapanda, na mteja anaenda kwa jirani mwenye boti "nene" ya bei nafuu. Soko linalipa unene, fundi anauza unene. Mimi na video yangu tulikuwa sehemu ya hilo soko, tena bila kulipwa.

Kwa hivyo tubadilishe maswali. Ukienda kuagiza boti, tangi, au bodi ya gari ya faiba, uliza haya:

1. Mzigo mkubwa uko wapi, na unapita wapi kwenda kwa mwili mzima? Fundi akuonyeshe kwa kidole. Akishindwa, ondoka.

2. Ni tabaka ngapi, za aina gani, na zinatazama wapi? Mkeka ngapi, kitambaa ngapi. Iandikwe kwa karatasi, mtie sahihi wote wawili. Kabla rangi haijapakwa, nenda upige picha.

3. Kwenye kona, tabaka zinapita upande wa pili kwa urefu gani? Kona ya mashine nataka nione kitambaa kinachopinda na kushika ubavu kwa shubiri nzima, tena tabaka zikiishia kwa ngazi, sio zote mahali pamoja. Na kuwe na vipande vya pembe vya kuukamata ubao na sakafu.

4. Matundu yanazibwaje? Njia sahihi ni kutoboa tundu kubwa, kulijaza rezini, likauke, kisha kutoboa tundu dogo la bolti katikati ya ile rezini. Maji yasione mbao kamwe.

5. Umepima nini? Siku ya kumwaga, fundi atengeneze na kipande cha majaribio cha tabaka zile zile. Mkivunje pamoja. Hakuna haja ya maabara, mawe na ndoo za mchanga zinatosha kuanzia.

Kwa wale wenye ofisi: kaunti ikinunulia vikundi vya wavuvi boti, mbona karatasi ya zabuni isidai orodha ya tabaka pamoja na urefu wa boti na rangi? Na vyuo vya ufundi vya Pwani, mnafundisha kuchomelea chuma mwaka mzima. Wekeni hata wiki sita za faiba. Vijana wanaifanya tayari, bila glavu na bila kifuniko cha mdomo.

Jana nilimpigia mjomba nikamsomea haya yote. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, hiyo karatasi yako italipa chama?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba pesa ndogo niliyopata kwa ile video na zilizofuata itanunua plaiwudi ya baharini na mita kadhaa za kitambaa. Tutakata nyuma yote iliyooza, tusugue mpaka faiba safi, tuanze upya na kona zinazopita. Fundi amekubali tukutane Jumamosi. Nitaenda na kile kipande nilichochoma ajionee mwenyewe, na sitaenda kumrekodi.

Na nyinyi wawili mlionipigia mkachukua namba yake: nimewatafuta, mmoja simu yake haipatikani. Kama unasoma hii, tafadhali usitoke kesho kabla ya kufanya hivi. Chukua sarafu. Gonga ubao wa nyuma taratibu, sentimita kwa sentimita, hasa karibu na bolti na konani. Mahali pazima panalia kwa sauti kali. Ukifika mahali sauti inakuwa nzito, kama unagonga kadibodi, simama hapo. Fungua bolti moja uangalie kama maji yanatoka. Yakitoka, vua mashine, halafu nipigie.